Kuongeza kasi ya prosesa bila kuiharibu, na namna ya kujua kama kweli imetulia

Namba ya gigahezi inayoandikwa kwenye boksi la prosesa ni ahadi ya mtengenezaji. Anaahidi kwamba kila chipu yenye jina hilo itapiga hesabu sahihi kwa kasi hiyo, hata kama imekatwa kwenye sehemu dhaifu ya sahani ya silikoni, hata ikifungwa kwenye mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta) ya kawaida, hata ikifanya kazi karibu na ukomo wake wa joto kwa miaka. Ahadi pana namna hiyo haitimizwi bila kuacha akiba. Chipu nyingi kwa hiyo hutoka kiwandani zikiwa na uwezo unaozidi kidogo ule uliotajwa, na ovakloki, yaani kuiendesha prosesa kwa kasi inayopita ile ya kiwandani, ni kuila hiyo akiba.

Akiba ikiisha, hakuna taa inayowaka. Wengi hudhani kompyuta iliyozidishiwa kasi kupita kiasi lazima igande, ijizime au ionyeshe skrini ya buluu. Hizo ni dalili za wazi, na kwa kweli ndizo zenye nafuu. Iliyo mbaya zaidi ni kompyuta inayowaka vizuri, inayofungua kila programu na kucheza michezo saa nzima, ila mara moja katika mabilioni ya hesabu inatoa jibu lisilo sahihi. Jibu hilo likiangukia kwenye rangi ya nukta moja ya picha, hakuna atakayejua. Likiangukia kwenye faili linaloandikwa diskini, faili limeharibika, na huenda ukagundua baada ya miezi. Ndiyo maana nashikilia kwamba kazi ya ovakloki haijaisha mpaka usahihi wa hesabu uthibitishwe.

Mpigo mmoja ni muda gani

Kasi ya prosesa ni zao la namba mbili: mapigo ya msingi, ambayo katika kompyuta za mezani za leo huwa megahezi 100, na kizidisho. Kizidisho kikiwa 52, prosesa inakwenda kwa megahezi 5200, yaani gigahezi 5.2. Kubadilisha 52 kuwa 53 ndani ya BIOS, programu ya msingi ya mazabodi yenye mipangilio ya vifaa, ni kazi ya sekunde chache, na wepesi huo unaficha ukali wa kile kinachotokea ndani.

Kwa gigahezi 5, mpigo mmoja una nanosekunde 0.2. Katika muda huo mwanga wenyewe, ukiwa kwenye ombwe, husafiri sentimita 6 tu. Ndani ya muda huohuo ishara ya umeme inapaswa kupita kwenye mlolongo wa transista, kila moja ikisubiri iliyotangulia igeuke, kisha ifike mwisho wa njia na kutulia kabla mpigo unaofuata haujaja kuisoma. Ishara ikichelewa, kinachosomwa ni thamani ya zamani au ya katikati. Hilo ndilo kosa la hesabu, na karibu kila kinachoitwa "kutotulia" kinaanzia hapo. Dawa zake kwa hiyo ni chache: uipe ishara muda zaidi kwa kupunguza kasi, au ufanye transista zigeuke haraka zaidi kwa kuongeza volti, au upunguze joto.

Zamani akiba ilikuwa kubwa kupita kiasi. Mwaka 1998 Intel ilitoa Celeron 300A, ambayo kizidisho chake kilifungwa kwenye 4.5 na basi yake, yaani mapigo ya msingi ya wakati huo, ilikwenda kwa megahezi 66. Waliopandisha basi hiyo hadi megahezi 100 walipata megahezi 450 kutoka 300, nusu nzima ya ziada, mara nyingi bila kugusa kitu kingine. Siku hizo zimepita. Tangu Intel ilipoleta Turbo Boost kwenye Core i7 za mwaka 2008, prosesa zimekuwa zikijiongezea kasi zenyewe kila joto na umeme vinaporuhusu, na kila kizazi kimekula sehemu ya akiba iliyokuwa ikiachwa. Anayenunua prosesa ya juu leo ananunua chipu ambayo kiwanda kimeshaifanyia ovakloki kubwa. Kilichobaki kwa mtumiaji ni asilimia chache, na ni vizuri kuanza na matarajio hayo.

Hata hizo chache hazipatikani kwa kila chipu. Kwa Intel unahitaji prosesa yenye herufi K mwishoni mwa jina lake, pamoja na mazabodi yenye chipseti (chipu inayoratibu mazabodi) ya familia ya Z. AMD imeacha wazi kizidisho cha Ryzen nyingi, lakini mazabodi iwe ya chipseti B au X, kwa kuwa zile za A haziruhusu. Kuna walioachwa nje pia: Ryzen 7 5800X3D ya mwaka 2022 ilitoka kizidisho chake kikiwa kimefungwa. Kuhusu mapigo ya msingi yenyewe, ushauri wangu ni kuyaacha kwenye 100. Katika mazabodi nyingi mpigo huohuo unaongoza pia njia za PCIe, zinazounganisha prosesa na kadi na diski, na kuyumba kwake kunaweza kuvuruga hata uandishi wa diski.

Volti ndiyo gharama halisi

Umeme unaoliwa na transista zinazogeuka huongezeka sambamba na kasi, lakini huongezeka kwa mraba wa volti. Tuseme prosesa inakwenda gigahezi 4.8 kwa volti 1.20 na kula wati 150. Unataka gigahezi 5.1, na chipu inadai volti 1.35 ili ifike huko. Kasi imeongezeka kwa asilimia 6 na kidogo. Umeme umeongezeka kwa asilimia 34, ukafika karibu wati 200, kabla hata hujahesabu umeme unaovuja kwenye transista zilizozimwa, ambao nao huzidi kadiri joto linavyopanda. Umelipia theluthi nzima ili upate sehemu moja ya kumi na sita.

Wati hizo zote lazima zitoke kwenye kipande cha silikoni kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba au kinachokaribia huo, na hapo hata kipozajoto kikubwa kinaweza kukwama, maana joto linashindwa kutoka kwenye chipu yenyewe haraka ya kutosha. Lakini joto unaliona kwenye kipimo, na prosesa inajilinda nalo: ikifika kwenye ukomo wake hupunguza kasi, na ikizidi hujizima. Kinachohitaji hofu zaidi hakionekani. Mkondo mkubwa wa umeme ukipita kwenye nyaya nyembamba za ndani husukuma atomi za metali kidogo kidogo kutoka mahali pake. Mwaka 1969 James Black alitoa mlinganyo unaoonyesha jinsi maisha ya waya wa namna hiyo yanavyopungua mkondo na joto vinapoongezeka, na wahandisi bado wanautumia. Chipu haifi siku moja. Inaanza kudai volti zaidi kuliko ilivyodai mwanzo ili ifanye kazi ileile.

Kwamba hili si jambo la vitabuni tu lilionekana mwaka 2024. Prosesa za kompyuta za mezani za Intel za kizazi cha 13 na 14 zilianza kuangusha programu, nyingine zikiwa kwenye mipangilio ya kiwandani. Intel ilieleza kwamba volti zilizoombwa na prosesa yenyewe zilikuwa za juu mno, na kwamba volti na joto hilo vilizeesha saketi fulani ndani ya viini (vitengo vya prosesa vinavyofanya hesabu) kiasi cha kupandisha volti ya chini kabisa ambayo chipu inahitaji. Agosti mwaka huo ilitolewa mikrokodi (programu ndogo ya ndani ya prosesa) 0x129, inayozuia maombi ya volti yanayopita 1.55, na dhamana ikaongezwa miaka miwili. Chipu zilizokuwa zimeshadhurika hazikupona kwa mikrokodi hiyo. Mwaka mmoja kabla, baadhi ya Ryzen 7000 zenye X3D kwenye jina ziliungua pamoja na soketi zake, na AMD ikaweka ukomo wa volti 1.3 kwa sehemu ya SoC, yenye kidhibiti cha RAM, volti ambayo mazabodi zilikuwa zikiipandisha zenyewe mtumiaji alipowasha EXPO ili RAM iende kasi.

Mambo hayo mawili yana funzo moja la kiutendaji: usiliachie neno "Auto" liamue volti. Ukipandisha kizidisho na kuiacha volti kwenye Auto, mazabodi nyingi huongeza volti kuliko inavyohitajika, kwa sababu lengo la aliyeitengeneza ni kompyuta iwake. Andika mwenyewe thamani unayoitaka, kisha uthibitishe kwa HWiNFO, programu ya kusoma vipimo vya kompyuta, kile prosesa inachopata kweli.

Swali linalofuata daima ni volti ngapi ni salama. Namba moja haipo, na anayekupa bila kuuliza chipu yako ni ya kizazi gani anakupotosha. Kila teknolojia ya utengenezaji ina uvumilivu wake, na ushauri uliokuwa sahihi mwaka 2013 unaweza kuua chipu ya leo. Zaidi ya hapo, volti peke yake haisemi kitu bila mkondo. Mwenye Ryzen anaweza kuona volti 1.45 kwenye kipimo wakati kiini kimoja tu kinafanya kazi nyepesi, na hilo ni jambo la kawaida kwa mipangilio ya kiwandani. Mtu akiichukua 1.45 hiyo na kuifunga iwe ya kudumu kwa viini vyote chini ya mzigo mzito, ameiondolea chipu ulinzi ambao kiwanda kiliujenga.

Kuna mpangilio mmoja wa BIOS unaochanganya watu kuliko yote, nao ni Load-Line Calibration. Prosesa inapopewa mzigo ghafla, volti hushuka: umeandika 1.30, lakini kazi ikianza unasoma 1.24. Watu huuona mshuko huo kama kasoro na kupandisha mpangilio huu hadi mwisho ili mstari unyooke. Mshuko umewekwa kwa makusudi. Mzigo unapoondoka ghafla, volti huruka juu kwa muda mfupi sana, na mshuko ule ndio unaoacha nafasi ili mruko huo usipite kiwango ulichoandika. Ukiuondoa wote, mruko unapita juu, na programu za vipimo haziwezi kuuonyesha kwa sababu zinasoma polepole mno. Oskiloskopu tu ndiyo inauona. Chagua kiwango cha katikati, na usome mwongozo wa mazabodi yako kwanza, kwa sababu kwa baadhi ya watengenezaji kiwango cha 1 ndicho kikali kuliko vyote na kwa wengine ndicho kilegevu kuliko vyote.

Kupanda hatua kwa hatua

Kabla ya kugusa chochote, weka nakala ya mafaili yako mahali pengine, sasisha BIOS, na uandike hali ya mwanzo: kasi chini ya mzigo, joto, wati, na alama za jaribio kama Cinebench. Zima XMP au EXPO, mipangilio ya BIOS inayoiongezea RAM kasi, kwa muda. RAM inayokwenda juu ya kiwango chake cha kawaida nayo iko kwenye ovakloki, na ikiwa prosesa na RAM zote zimebadilishwa kwa pamoja hutajua ipi imekosea. Fahamu pia kwamba Intel na AMD zote zinasema dhamana hailipi uharibifu uliotokana na kuendesha chipu nje ya vipimo vyake.

Kisha funga volti kwenye kiwango cha wastani ambacho prosesa ilikuwa ikikitumia yenyewe chini ya mzigo, na upandishe kizidisho hatua moja. Jaribu kwa dakika kumi hivi. Ikipita, panda tena. Ikishindwa, ongeza milivolti 10 hadi 20, ujaribu upya. Kila hatua iandikwe.

Daftari hilo lina thamani kuliko ushauri wowote utakaousoma, kwa sababu litakuonyesha umbo la chipu yako. Hatua za kwanza zitadai volti kidogo au zisidai kabisa. Baadaye megahezi 100 zitadai milivolti 20, kisha 30. Halafu ghafla 100 zinazofuata zitadai 70 au 80, na joto litapanda kwa kasi usiyoitegemea. Hapo ndipo njia imekunjika. Kwa maoni yangu mahali sahihi pa kubaki ni hatua moja chini ya mkunjo huo, hata kama kipozajoto kinaruhusu zaidi. Chipu mbili zenye jina moja zinaweza kuwa na mikunjo tofauti kabisa, na hakuna pesti ya joto wala feni itakayobadilisha bahati ya silikoni. Rekodi za dunia hazina msaada hapa: mwishoni mwa 2022 Core i9-13900K ilipitishwa gigahezi 9 kwa kupozwa na heliamu ya kimiminika, kwa muda tu wa kutosha kuithibitisha namba.

Kuhusu joto, jua ukomo wa chipu yako kabla ya kuingiwa na wasiwasi. Intel nyingi huanza kujipunguza kwenye nyuzi 100, na Ryzen 7000 nyingi zimeundwa kufika 95 na kukaa hapo zikiwa kwenye kazi nzito. Lakini ukiwa umefunga kasi na volti kwa mkono, acha nafasi ya nyuzi kumi au zaidi. Joto la chumba likipanda nyuzi nane, la prosesa litapanda karibu nane pia, na jaribio lililopita usiku wa baridi linaweza kushindwa mchana wa jua.

Kuthibitisha hesabu

Cinebench ikimaliza bila kuanguka haithibitishi sana. Inachora picha na kukupa alama, bila kukagua kama kila hesabu ni sahihi. Prime95 ni tofauti. Iliandikwa kwa ajili ya mradi wa kutafuta namba tasa za Mersenne ulioanza mwaka 1996, kazi ambayo kosa moja linaharibu wiki nzima za hesabu, kwa hiyo ilijengwa tangu mwanzo ikijikagua. Kiini kikitoa jibu lisilolingana, programu inakisimamisha na kukitaja. Programu nyingine za majaribio, y-cruncher na OCCT, nazo hukagua majibu yao.

Hata hivyo hakuna jaribio moja linalotosha, na hapa ndipo wengi hukatisha safari mapema. Jaribio la Small FFTs la Prime95, hasa likitumia maelekezo ya AVX (yanayofanya hesabu nyingi kwa pamoja), linaleta joto na wati za juu kuliko karibu kazi yoyote ya kila siku. Linafaa kupima kipozajoto na mfumo wa umeme wa mazabodi. Lakini chini ya mzigo huo volti imetulia mahali pamoja na kasi haibadiliki. Makosa mengi ya prosesa za kisasa hutokea kinyume chake: mzigo unapoanza na kukoma, kiini kimoja kinaporuka hadi kasi yake ya juu kabisa kwa sehemu ya sekunde, au kompyuta inapotoka usingizini. Ndiyo maana unaweza kuwa na mashine iliyovumilia Prime95 usiku kucha, kisha ikajiwasha upya yenyewe ukiwa umefungua kivinjari tu. CoreCycler imetengenezwa kwa ajili ya hali hiyo: inapeleka mzigo kwenye kiini kimoja, inasubiri, inahamia kingine. Iache izunguke saa nyingi. Ongeza jaribio la y-cruncher lenye mzigo unaobadilika, na jaribio refu la RAM baada ya kurudisha XMP au EXPO.

Pamoja na hayo, soma kumbukumbu za mfumo. Kwenye Windows fungua Event Viewer na utafute WHEA-Logger. Tukio namba 18 ni kosa lililoangusha mfumo. Tukio namba 19 ni kosa ambalo prosesa ililigundua na kulisahihisha yenyewe bila wewe kuona lolote. Kwenye Linux makosa hayo huonekana kwenye kumbukumbu za kerneli kama "machine check". Wapo wanaoyapuuza yaliyosahihishwa kwa kuwa kompyuta haikuanguka. Siwezi kukubaliana nao: kosa lililosahihishwa linaonyesha kwamba ishara zimeanza kuchelewa, na si kila njia ndani ya chipu ina ulinzi wa kusahihisha.

Linganisha pia alama zako na zile za mwanzo. Ryzen ikiona volti haitoshi inaweza kunyoosha mapigo: kipimo kinaonyesha gigahezi zilezile au zaidi, ila kazi inayofanyika imepungua. Gigahezi zikipanda na alama zikashuka, hujapata kitu. Vilevile ukifunga viini vyote kwenye 5.1 wakati kiwandani kiini kimoja kilikuwa kikiruka hadi 5.5, umefanya kazi za kiini kimoja kuwa polepole zaidi, na kazi nyingi za kila siku ni za namna hiyo.

Njia ambayo ningeipendekeza leo

Kwa sababu hizo zote, mtu akiwa na prosesa ya miaka ya karibuni ningemwelekeza kwanza kupunguza volti kabla ya kufikiria kufunga kizidisho. Kwenye Ryzen njia hiyo inaitwa Curve Optimizer, ndani ya Precision Boost Overdrive, mipangilio ya AMD ya kuiruhusu prosesa ijiongezee kasi zaidi. Kila hatua hasi inaondoa takriban milivolti 3 hadi 5 kwenye mstari wa volti wa kiini husika. Prosesa, ikijikuta na joto na wati pungufu, inatumia nafasi hiyo kujiongezea kasi yenyewe, na bado inashuka na kupumzika kazi ikiwa nyepesi. Kwa Intel unaweza kupata jambo linalofanana kwa kupunguza volti kwa kiasi maalumu na kuweka ukomo wa wati. Pima kiini kimoja kimoja, kwa kuwa havilingani. Mara nyingi viini bora kabisa ndivyo vinavyokubali kupunguziwa kidogo tu, kwa sababu kiwanda kilishaviwekea mstari mkali.

Ukizidisha na kompyuta ikakataa kuwaka, usihangaike. Mazabodi nyingi hurudi kwenye mipangilio salama baada ya kushindwa mara kadhaa. Isiporudi, chomoa waya wa umeme, kisha tumia kitufe au pini za kufuta CMOS (kumbukumbu inayotunza mipangilio ya BIOS), au utoe betri ya CR2032 kwa dakika chache.

Kompyuta inayotunza hesabu za watu wengine au matokeo ya utafiti iachwe kwenye kasi ya kiwandani. Kwa nyingine zote, rudia upimaji kila unaposasisha BIOS, kwa sababu mikrokodi mpya inaweza kubadilisha volti na mipangilio yako inaweza kufutika. Ikitokea mashine iliyokuwa imetulia kwa mwaka mzima inaanza kutoa tukio namba 19, usikimbilie kuiongezea volti, kwani utakuwa unaharakisha uchakavu uleule ulioileta hapo. Shusha kizidisho hatua moja, au urudishe hatua chache za Curve Optimizer kwenye kiini kilichotajwa, kisha uanze upimaji tangu mwanzo.